Wakopaji wanachelewa: tupandishe riba, tudai ardhi, au tupokee fedha za mfadhili?

Swali la msomaji: "Sisi ni watu wa vijiji vinne tulioanzisha mfuko wa kukopesha biashara ndogo. Mtaji ni akiba zetu wenyewe. Tunawakopesha wenye maduka, mafundi, wafugaji wa kuku na vikundi vya kusindika mazao. Mkopo ni wa mwaka mmoja, rejesho kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Mwaka wa kwanza kila mtu alilipa. Sasa karibu theluthi ya wakopaji wamechelewa. Nusu ya kamati inataka tupandishe riba na kudai hati za mashamba. Nusu nyingine inataka tusimamishe mikopo mipya mpaka watu wapewe mafunzo ya biashara. Na yupo mfadhili aliye tayari kutupa fedha mara tatu ya mtaji wetu. Tushike lipi?"

Jibu

Ndugu msomaji, kwa sasa msishike hata moja. Yote hayo yanaruka swali ambalo kamati bado haijajiuliza: hao waliochelewa, wamechelewa kwa nini?

Anzeni na daftari. Kaeni alasiri moja, pitieni jina kwa jina, na kila aliyechelewa mwekeni katika fungu moja kati ya matatu. La kwanza ni la wale ambao biashara inakwenda ila fedha haijafika mkononi: kuku hawajaanza kutaga, bidhaa zimetoka kwa mkopo, mavuno bado. La pili ni la waliopatwa na jambo: ugonjwa, msiba, mifugo kufa, ukame. La tatu ni la wenye nacho ambao hawalipi.

Kazi hii benki haiiwezi. Afisa mikopo aliyeko mjini anaona tu kwamba rejesho halijaingia. Ninyi mnajua duka la nani limejaa na la nani lina rafu tupu, nani ameuguza mwezi mzima, nani juzi amenunua pikipiki huku akiapa kwamba hana kitu. Mfuko kama wenu una mtaji mdogo, hesabu zake nyingi ni za mkono, na wanasheria hauna. Kitu pekee unachoizidi benki ni hizo habari. Ajabu ni kwamba mifuko mingi huzitumia kumsema mkopaji akishachelewa, wala haizitumii siku ya kumpangia mkopo.

Nadhani fungu la kwanza ndilo litakuwa kubwa kuliko yote, na sababu umeitaja mwenyewe: mkopo wa mwaka mmoja, rejesho kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza, kwa kila mtu.

Ratiba hiyo inamfaa mwenye duka, kwa sababu anauza kila siku. Sasa mtazame mfugaji aliyekopa anunue vifaranga wa kuku wa mayai. Kuku hao huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20 hivi. Kwa muda wote huo wanakula na hawaingizi chochote. Mkimdai rejesho la mwezi wa kwanza, atalipa kwa fedha ileile mliyompa, na fedha hiyo ilikuwa ya chakula cha kuku. Mwezi wa pili vilevile. Ukifika mwezi wa tano kuku wamedumaa, au nusu wameshauzwa. Katika daftari lenu huyu alikuwa mkopaji safi kwa miezi minne, kisha "akaharibika". Kumbe miezi yote minne alikuwa anawarudishia mtaji wenu kidogo kidogo, na biashara haijaanza.

Huenda mwaka wa kwanza mlipona kwa sababu mikopo ilikuwa midogo. Mkopo mdogo mtu anaweza kuulipa kwa kibarua, kwa kuuza mbuzi, au kwa msaada wa mtoto aliyeko mjini, hata kama biashara yenyewe haijazaa. Mkopo wa pili unapokuwa mkubwa, njia hizo hazitoshi tena, na ratiba mbaya inajionyesha.

Jambo hili limepimwa. Huko Kolkata, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wakopaji walioanza kulipa wiki mbili baada ya kuchukua mkopo na wengine walioachiwa miezi miwili. Walioachiwa nafasi waliweka fedha nyingi zaidi kwenye biashara, na miaka mitatu baadaye faida zao zilikuwa kubwa zaidi. Ila katika kundi hilohilo walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Nayataja yote mawili kwa makusudi, maana kuna washauri wanaotaja la kwanza na kunyamazia la pili. Mtu akiachiwa nafasi anathubutu zaidi, na anayethubutu mara nyingine huanguka.

Kwa hiyo muda wa kusubiri usiwe muda wa kupotezana. Mfugaji huyo alipe riba peke yake kila mwezi kwa miezi mitano, kisha salio aligawanye katika miezi ya kutaga, hata kama mkopo utavuka mwaka mmoja. Riba hiyo ndogo inamleta kikaoni. Akikosa hata hiyo mwezi wa pili, mtajua mapema kwamba kuna tatizo na mtakwenda kumwona kuku wakiwa bado hai. Msiende upande wa pili kabisa mkasema alipe yote siku moja mwishoni. Fedha nyingi ikikaa mikononi mwa mtu mwenye shida nyingi, haifiki siku ya mwisho.

Kwa msindikaji na mkulima hesabu ni nyingine. Mkulima mdogo huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu ana madeni na karo za kulipa. Miezi michache baadaye bei imepanda na yeye ghala ni tupu. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno, yaani wakati ambao wakopeshaji wengi wangedai kulipwa. Walitunza mahindi, wakauza baadaye kwa bei nzuri, na mapato yao yakaongezeka. Basi jiulizeni, fedha yenu humfikia mtu mwezi gani? Mkopo wa pembejeo ukifika wiki tatu baada ya mvua kuanza, shamba haliusubiri. Unaliwa nyumbani, na lawama zinamwendea mkopaji.

Na fundi aliyekopa kununua mashine? Mashine hujilipa kwa miaka. Mkopo wa miezi 12 unamlazimu ailipie kwa fedha ya kununulia mbao au vitambaa, kwa hiyo mwisho wa mwaka ana mashine nzuri isiyo na kazi. Ama mpeni muda mrefu zaidi, ama mwacheni aanze na akiba yake na ninyi mkopeshe mtaji wa malighafi tu. Kwa mfuko wenye mtaji mdogo mimi ningechagua la pili, kwa sababu fedha ikifungwa miaka mitatu kwa fundi mmoja, wengine wanne hawapati.

Kuanzia leo, kabla ya kupitisha ombi lolote, chukueni karatasi yenye miezi 12, mkae na mwombaji, na kwa kila mwezi aseme kinachoingia na kinachotoka, pamoja na karo, matibabu na chakula cha nyumbani. Ratiba ya marejesho itoke kwenye karatasi hiyo. Asiyeweza kuijaza hata kwa kukisia hajawa tayari kukopa. Hapo ndipo mtajua anayehitaji mafunzo ni nani.

Nirudi kwenye mafungu. La pili, la waliopatwa na jambo, lina dawa mbili. Moja ni kupanga upya mkopo kwa maandishi, kamati nzima ikiwapo, mara moja tu, na mkopo huo uandikwe wazi kwamba umepangwa upya. Kuufuta kimyakimya na kuandika mpya ni kuficha ugonjwa. Ya pili ni kuwa na kisanduku kingine. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 hutenga mfuko wa jamii, mbali kabisa na fedha za mikopo: mchango mdogo sawa kwa kila mwanachama, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwanachama akiuguliwa anachukua huko, na mtaji wa biashara hauguswi. Kama hamna mfuko huo, uanzisheni kabla ya jambo lingine lolote.

Fungu la tatu huwa dogo, na mara nyingi limo jina la mtu mzito: mwanakamati, ndugu wa mwenyekiti, mwenye sauti kijijini. Anzeni na huyo. Wakopaji wengine wanamtazama yeye kuliko wanavyotazama katiba yenu, na akiachwa mwezi wa tatu, wale wa fungu la kwanza nao wataacha kujihangaisha. Mikopo ya wanakamati isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu: kiasi, tarehe, salio. Mwanakamati asikae kwenye kikao kinachojadili ombi lake au la ndugu yake. Na mwenye deni lililochelewa siku 30 ajiondoe kwenye uongozi mpaka alipe.

Hati za mashamba nazipinga, na si kwa huruma. Dhamana ni dhamana pale tu inapouzika. Shamba la jirani yenu mkilinadi, atalinunua nani? Majirani wengi hawatalinunua. Na akijitokeza mwanakamati mwenye uwezo akalichukua kwa bei ya chini, mfuko wenu umekwisha siku hiyo hata kama fedha imerudi. Isitoshe, mashamba mengi vijijini ni ya familia, hati haina jina la mkopaji au haipo kabisa, na wanawake wengi wanaofanya biashara hawana ardhi kwa majina yao. Mkidai hati mnawafukuza baadhi ya wakopaji wenu bora na kubaki na wenye mali.

Tumieni akiba. Mtu akope kwa kipimo cha alichoweka. Katika vikundi vingi kiwango cha juu ni mara tatu ya akiba yake. Aanze na mkopo mdogo, akimaliza vizuri apande ngazi. Awe na wadhamini wawili wanaomjua, na mdhamini mmoja asibebe zaidi ya watu wawili, la sivyo mtakuta mzee mmoja mwenye roho nzuri amedhamini nusu ya kijiji. Kuwabebesha wanakikundi wote deni la mwenzao kunaonekana kuwa ni silaha kali, lakini ushahidi wake ni dhaifu kuliko sifa zake. Benki moja ya Ufilipino ilipoondoa sharti hilo katika baadhi ya vituo vyake, watafiti hawakuona marejesho yakishuka. Hata Grameen Bank ya Bangladesh, iliyofanya vikundi vya watu watano vijulikane duniani, ilibadili taratibu zake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo mwanachama hadaiwi deni la mwenzake. Shinikizo likizidi lina gharama. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, mwaka 2010, watu wengi walikuwa wamekopa kwa taasisi kadhaa kwa pamoja na udaiji ukawa wa kudhalilisha. Serikali ya jimbo iliingilia kati kwa amri ya kudhibiti wakopeshaji, na marejesho yakaporomoka karibu kwa wote, waadilifu na wasio waadilifu.

Riba sasa. Kuipandisha kwa sababu ya ucheleweshaji ni kumtoza anayelipa kwa ajili ya asiyelipa, asiyelipa haimgusi. Hata hivyo riba ina kazi yake: igharimie uendeshaji, izibe mikopo itakayopotea, na ilinde mtaji usiliwe na mfumuko wa bei. Pigeni hesabu ya hayo matatu kwanza, ndipo mjue kama yenu iko chini. Na angalieni mnavyoitoza. Mtu akikopa 1,200 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 10 inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, atalipa 120 za riba, yaani 110 kila mwezi. Lakini hakukaa na 1,200 mwaka mzima. Kila mwezi alipunguza, na kwa wastani alikuwa na 650 tu mkononi. Riba yake halisi inakaribia asilimia 18. Mifuko mingi ya vijijini hutoza hivyo bila kujua, kisha hushangaa wakopaji wazuri wakihamia kwingine. Tozeni juu ya salio linalopungua, na mwonyesheni mtu jumla atakayolipa kabla hajatia saini.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha kukagua kwenye daftari. "Theluthi ya wakopaji" hakiniambii ukubwa wa hatari. Chukueni kila mkopo wenye rejesho lililopita siku 30, hesabuni salio lake lote, siyo rejesho lililokosekana tu, kisha mgawanye kwa jumla ya fedha yote iliyoko kwa wakopaji. Wenye kazi hii huanza kuhangaika ikizidi asilimia 5, na ikifika 10 hawalali. Andikeni namba hiyo ukutani kila mwezi.

Kuhusu mafunzo, wanakamati wanaoyataka wana nia nzuri, ila wanaanza mwisho. Darasa la siku tano la uhasibu kabla ya mkopo huwachosha watu na kubadili kidogo. Katika Jamhuri ya Dominika wenye biashara ndogo waligawanywa: wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida, wengine kanuni chache rahisi, mathalani fedha ya biashara na ya nyumbani zikae mahali tofauti na mwenye biashara ajilipe mshahara maalumu. Wa kanuni rahisi ndio waliobadilika. Nchini Togo, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba mafunzo ya kujituma, yaani kutafuta fursa, kujiwekea malengo na kutokata tamaa, yaliongeza faida kwa asilimia 30, huku mafunzo ya kawaida ya biashara yakileta tofauti ndogo isiyo ya uhakika. Msitarajie miujiza kwa mkopo wenyewe pia. Tafiti sita kutoka nchi sita, zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, zikiwamo za vijijini Ethiopia na Morocco, hazikuona mikopo midogo ikibadili maisha ya wakopaji wengi. Ilichowapa zaidi ni uhuru wa kuchagua kazi na kupanga matumizi.

Badala ya darasa, mtu mmoja wa mfuko amtembelee kila mkopaji ndani ya wiki ya kupokea fedha, aone alichokopea kimenunuliwa, kisha arudi katikati ya mkopo. Mfugaji mpya aunganishwe na mfugaji mzoefu wa kijiji cha pili, asiyegombea naye wateja. Wanaonunua bidhaa zilezile wanunue pamoja na wachangie usafiri. Hili la mwisho mara nyingi humwachia mwenye duka faida kuliko somo lolote la daftari la mauzo.

Jihadharini pia na kukopesha biashara moja mara kumi katika kijiji kimoja. Wafugaji kumi wa kuku mliowakopesha ninyi wenyewe watashushiana bei wao kwa wao, na ugonjwa wa kuku wa kideri ukipita, utapita kwa wote kumi. Wekeni kikomo cha sehemu ya mtaji inayoweza kuingia katika biashara ya aina moja, na sehemu ya akiba yenu ikae nje ya eneo, benki au kwenye ushirika mkubwa zaidi, ili ukame wa vijiji vinne usimalize fedha yote kwa pamoja.

Sasa mfadhili. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya katika vijiji vya Ujerumani karne ya 19, alianza kuwasaidia wakulima kwa vyama vilivyotegemea fedha na moyo wa matajiri. Vyama hivyo havikudumu, kwa kuwa matajiri walichoka. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alikigeuza chama chake kikawa cha wakopaji wenyewe: eneo dogo ambalo watu wanajuana, wanachama wanaowajibika kwa mali zao, viongozi wasiolipwa isipokuwa mtunza hazina, na faida inayobaki kuwa akiba ya chama isiyogawanywa. Mwaka 1872 akaongeza benki ya kuviunganisha vyama, ili fedha iliyolala kijiji kimoja ifanye kazi kingine. Vyama vya mtindo wake vilienea nchi nyingi.

Mkiingiza mara tatu ya mtaji wenu kwa siku moja, robo tatu ya fedha itakuwa ya mtu ambaye hakuna kijijini anayemjua, na wakopaji watalijua hilo kabla ya saini kukauka. Kamati nayo italazimika kukopesha haraka ili fedha isionekane imelala, na fungu la tatu litanenepa. Msimkatae, ila mwombeni abadili namna ya kutoa. Mwaka wa kwanza alipie mtunza vitabu wa nusu siku, usafiri wa kuwatembelea wakopaji, na sanduku lenye kufuli tatu au akaunti yenye saini tatu. Fedha ya kukopesha aitoe kwa awamu: awamu ya kwanza isizidi nusu ya akiba zenu, na inayofuata ije tu baada ya ile namba ya ukutani kukaa chini ya asilimia 5 kwa miezi sita. Iwe ni mkopo wa riba nafuu kwa mfuko wenu, unaorudishwa, usiwe zawadi. Na kabla ya kusaini, mwulizeni ofisa wa ushirika au wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu kama usajili mlionao unawaruhusu kupokea na kukopesha fedha ya mtu wa nje, kwa sababu nchi nyingi hutenganisha kikundi kinachokopeshana akiba zake na taasisi inayokopesha fedha za wengine.